Mbwa Anapochechemea: Nini cha Kufanya, Nini cha Kuacha

Mbwa wangu akianza kuchechemea, simgusi kwanza. Namwacha atembee hatua chache nimtazame. Kama tatizo ni mguu wa mbele, kichwa huinuka kila mguu unaouma unapokanyaga chini. Asipoukanyagia kabisa, au mguu ukiwa umepinda, sipapasi chochote: tunakwenda kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kama anakanyaga, namkagua. Usitegemee upole wake wa kila siku, kwa sababu maumivu humfanya hata mbwa mpole ang'ate. Mtu wa pili amshike kichwa huku akimsemesha. Mdomo unaweza kuufunga kwa kitambaa laini kwa muda mfupi, ila kamwe usiufunge ikiwa anatapika au anapumua kwa shida.

Anzia kwenye wayo. Tazama katikati ya vidole, maana mara nyingi utakuta mwiba, kupe au kucha iliyopasuka. Kisha panda juu taratibu, ukilinganisha na mguu mzima: kuna uvimbe? Kuna joto? Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Kitu kilichozama ndani sana mwachie daktari. Ukifunga bendeji, chungulia vidole mara kwa mara. Vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno, ifungue.

Sasa dawa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usimpe mbwa dawa ya maumivu ya binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo kwa vidonda na kuharibu figo zake, na parasetamoli inaweza kuua ini lake. Usiseme utampa nusu kidonge. Kama amekwisha kumeza, usingoje dalili, mpigie daktari mara moja umwambie ni dawa gani na kiasi gani. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na daktari huzipima kwa uzito wake.

Unachoweza kumpa bila hofu ni barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku katika siku mbili za mwanzo. Na kupumzika. Hili la kupumzika ndilo gumu kuliko yote, maana mbwa akipata nafuu kidogo tu anataka kukimbia, na mishipa iliyovutika inaumia upya. Mimi humweka chumba kidogo, natandika mkeka pale sakafu inapoteleza, na kwenda haja anatoka akiwa kwenye kamba. Hakuna ngazi, hakuna kuruka kitandani.

Asipopata nafuu kwa siku moja au mbili, mpeleke. Mpeleke mapema zaidi akiwa na homa, akikataa kula, au kilema kikihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwani magonjwa yanayoletwa na kupe huweza kuanza hivyo. Akishapona, rudisha matembezi kidogo kidogo, dakika chache kwanza, akiwa bado kwenye kamba.