Mwanangu, kuhusu miguu ya babu yako

Mwanangu, voisi noti yako nimeisikiliza. Unauliza inakuwaje babu anaenda msikitini kwa miguu na kurudi wala hahemi, lakini kunyanyuka kwenye mkeka mpaka ashike ukuta, na juzi kajikwaa kizingitini akaenda chini mzima mzima. Eti anadeka. Hadeki bwana.

Iko hivi, misuli ina nyuzi za aina mbili kubwa, kuna za polepole ambazo hazichoki upesi, hizo ndo za kutembea na kusimama, af kuna za haraka zenye nguvu ya ghafla, za kunyanyuka, kuruka, kutupa mguu mbele ukijikwaa. Uzee unazila zaidi hizi za haraka, zinasinyaa wakati zile nyingine unene wake haubadiliki sana. Kwa hiyo safari ya msikitini anaimudu, ila pale kizingitini mguu ulitakiwa utoke fasta na haukutoka.

Na sio kusinyaa tu, zinaisha kabisa. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya misuli ya paja ya wanaume 43 waliofariki, wa miaka 15 mpaka 83, wakakuta kati ya miaka 20 na 80 msuli unapungua kama asilimia 40, na sababu kubwa ni idadi ya nyuzi kushuka. Tena unaanza kupungua kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo na wewe usimcheke sana.

Kinachonishangaza mimi hadi leo, na fizio, kazi ya kutibu viungo kwa mazoezi, nimeifanya mpaka nikastaafu, ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva moja kutoka uti wa mgongo inaamrisha nyuzi nyingi, kwenye paja zinafika mamia, sasa ikifa nyuzi zake zinabaki yatima, neva jirani inachipua tawi inazichukua, na jirani akiwa wa polepole basi uzi uliokuwa wa haraka nao unageuka wa polepole. Usiochukuliwa unakufa, mahali pake panakaa mafuta na makovu. Ndo maana paja la babu kwa macho bado lipo, ila libonyeze uone, laini tu.

Neva ikishakufa hairudi, hilo sikufichi. Ila nyuzi zilizobaki zinanenepa hata uzeeni. Boston, Marekani, mwaka 1990 watafiti waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya wazee, miaka 86 mpaka 96, wakawanyanyulisha vyuma kwa miguu wiki nane, nguvu ikapanda zaidi ya mara mbili, wawili wakaacha na fimbo!

Kwa hiyo kutembea aendelee lakini hakutoshi. Muwekee kiti kigumu kiegemee ukuta, sio sofa, mikono aikunje kifuani, anyanyuke kwa haraka kadiri anavyoweza, akae taratibuu, apumzike arudie mpaka miguu ianze kumuwaka. Asipoweza kabisa weka mto juu ya kiti, usimvute mikono. Siku moja afanye, inayofuata apumzike. Na acheni kumpa chai na mkate jioni eti mzee hali sana, mpeni dagaa, maharage, yai, misuli ya mzee inahitaji protini zaidi ya ya kwako, ila kwa sababu ya zile figo zake muulizeni daktari kwanza.

Akigoma nipigie umpe simu, baba yangu namjua mwenyewe.