Gyudon: ni mchele au wali, wa nyama au kwa nyama?

SWALI: Natafsiri menyu ya mgahawa wa Kijapani kutoka Kiingereza. Gyudon nimeieleza kuwa “bakuli la mchele wa nyama ya ng’ombe”. Mwenzangu anasema nimekosea. Je, nimekosea wapi? Na tuseme gyudon imeiva au umeiva?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Kiingereza kina neno moja tu la kitu ambacho sisi tunakiita mpunga kikiwa shambani, mchele kikishakobolewa na wali kikishapikwa. Wajapani nao hutenganisha kama sisi: ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan au meshi ni wali. Hata jina la zamani la chakula hiki, gyumeshi, ambalo migahawa ya Matsuya inalitumia mpaka leo, lina wali ndani yake: gyu ni ng’ombe, meshi ni wali. Kwa hiyo tofauti ilikuwepo kwao, ipo kwetu, ikapotea njiani kwa sababu menyu ilipitia Kiingereza. Anayesoma “bakuli la mchele” atafikiria punje mbichi zinazosubiri kupepetwa.

Kosa la pili ni dogo kwa macho, lakini mimi naliona kubwa zaidi. Ni hilo neno “wa”. Wali wa nazi umepikwa kwa tui. Nazi imo ndani ya kila punje. Ukiandika “wali wa nyama”, mteja atatarajia vilivyopikwa chungu kimoja, karibu na pilau. Gyudon haipikwi hivyo. Wali hupikwa peke yake, mweupe. Nyama hukatwa vipande vyembamba sana, ikachemshwa pamoja na vitunguu katika mchuzi wa soya, sukari na supu ya samaki wakavu, kisha ndipo humwagwa juu ya wali, na mchuzi ukashuka mpaka chini ya bakuli. Pembeni huwekwa achari nyekundu ya tangawizi. Wapo wanaoagiza mchuzi mwingi, na wapo wanaovunjia yai bichi juu.

Kitu kinacholiwa pamoja na kingine, Kiswahili kina “kwa” yake safi: wali kwa samaki, mkate kwa chai. Basi gyudon ni wali kwa nyama ya ng’ombe. “Wali na nyama” pia ni sawa. Mama lishe wa Dar es Salaam atakwambia “wali nyama” bila kiunganishi chochote, na kila mtu ataelewa. Kwenye ubao wa mgahawa sioni ubaya, ila katika maelezo ya menyu ningeweka “kwa”. Wala usilitangulize bakuli. Don ni kifupi cha donburi, bakuli lenye kina, kwa hiyo limo tayari ndani ya jina.

Kuhusu upatanisho, majina ya vyakula vya kigeni huingia ngeli ya I-ZI: pilau imeiva, pizza mbili, chapati zimeisha. Gyudon nayo iende huko: gyudon imeiva, gyudon tatu zimeagizwa. “Umeiva” ni ya wali wenyewe, kama mpishi anazungumzia sufuria ya wali tu.

Kwenye menyu andika hivi: Gyudon: wali kwa nyama ya ng’ombe na vitunguu, pamoja na achari ya tangawizi.