Ni Banabyuu, Benabo au Benabeu?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri, naomba unisaidie kumaliza ubishi maana umeshaanza kuleta maneno mpaka ndani ya familia. Hapa mtaani Tanga tunaangalia mechi kwenye kibanda umiza, sasa kila Real Madrid wakiwa nyumbani ubishi ni jina la uwanja. Mwenye kibanda anasema Banabyuu, eti ndo anavyowasikia watangazaji wa Kiingereza, binamu yangu anasema Benabo, mimi nasema Benabeu kama lilivyoandikwa, wakaniambia naongea kishamba. Nani yuko sahihi? Na kile kialama juu ya e ni cha nini? Halafu Camp Nou, uwanja wa Barcelona, je? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wewe ulieitwa mshamba ndo uko karibu kuliko wote, na nimefurahi umeuliza maana hili jambo linaniuma siku nyingi, watu wetu wanaacha kitu wanachokiweza vizuri kabisa wanaenda kuazima matamshi ya Mwingereza ambaye na yeye jina hilo ni la kigeni kwake.

Sikiliza. Kihispania kina vokali tano, a e i o u, na zinasomwa karibu sawasawa na zetu, a ni a, e ni e, haibadiliki badiliki ukiipeleka neno lingine. Mwingereza hana utaratibu huo, kwake kukaa na e na u zimeshikana hivyo ni shida, ndo unasikia byuu. Lakini wewe tangu mdogo unasema kigeugeu bila kufundishwa na mtu. Basi chukua ile geu ya mwisho, toa g weka b, umepata beu. Hiyo ndo yenyewe.

Kosa lako ni moja tu, umeimeza r. Jina linaandikwa Bernabéu na r yake inasikika, ulimi unagusa juu mara moja halafu unaingia kwenye n. Wengi wanaona r na n haziwezi kukaa pamoja kwenye mdomo wa Mswahili, wanairuka au wanachomeka i katikati inakuwa Berinabeu. Sasa unasemaje karne? Karne ya 20, karne ya 21, si unaitamka? Basi ni ileile. Ber-na-BE-u, mkazo kwenye BE, na ile u ya mwisho ije haraka imeegemea kwenye e, Mhispania anazihesabu zote mbili silabi moja.

Kialama sasa. Kule kina kazi, kinamwambia msomaji akaze sauti hapo. Kisingekuwepo, kwa sheria zao Mhispania angekaza NA, angesoma ber-NA-beu. Sisi mkazo wetu kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukisoma Kiswahili be ndo ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unaangukia palepale hata kialama usipokiona. Santiago, jina la mwanzo la uwanja huo, nayo hivyohivyo, san-TIA-go, sio Santiego. Na ile g ya mwisho sio ngumu, ni laini, inaelekea gh ya ghala, nyie watu wa pwani mnayo tayari. Hata b ya pili kwenye Bernabéu ni laini, midomo inakaribiana bila kufunga, ukiisema kama b ya kawaida utaeleweka tu ila ukitaka kuwa kama mtu wa Madrid basi ilegeze kidogo.

Tena jina lenyewe tunalijua kanisani siku zote. Santiago ni Mtakatifu Yakobo, na Bernabeu ni Barnaba kwa wanavyosema upande wa Valencia na Katalunya. Alikuwa mtu kabisa, Santiago Bernabéu, mzaliwa wa Almansa mwaka 1895, akaichezea Madrid, akawa rais wa klabu kuanzia 1943 mpaka anafariki 1978. Uwanja ulifunguliwa Desemba 14, 1947 kwa mechi na Belenenses wa Ureno, ukaitwa Chamartín Mpya, jina lake wakaupa 1955 akiwa hai na bado rais. Ndo maana mimi nashikilia litamkwe vizuri, ni jina la mtu. Mgeni akija hapa akasema uwanja wa Emukapa tunamrekebisha palepale, tunataka Mkapa wetu atajwe sawasawa, na wao wana haki hiyohiyo.

Na mkiwa hapohapo rekebisheni Real. Sio riili, ni re-AL, maana yake ya kifalme, klabu ilipewa heshima hiyo 1920 na mfalme Alfonso wa 13.

Camp Nou usiipeleke kwa sheria za Kihispania kwa sababu sio Kihispania, ni Kikatalani, maana yake uwanja mpya, ulifunguliwa 1957. Sio Kampu Nyuu wala Kampu Nuu. Nou ni no-u ya haraka, na p ya Camp haisikiki sana, inakuwa kama Kam Nou. Halafu Barça, kifupi cha Barcelona, ile c yenye mkia ni s, Barsa, nimewahi kusikia mtu anasema Barka redioni nikaumia sana.

Mkishamaliza ubishi huo nendeni Sevilla, wana uwanja unaitwa Ramón Sánchez-Pizjuán, huo ndo watangazaji wengi wanaukwepa kabisa wanasema tu uwanja wa Sevilla. Kwa matamshi ya Madrid z ni th ya thelathini, j ni kh ya kheri, kwa hiyo inakuwa Pith-KHWAN, mkazo mwisho. Mwambie mwenye kibanda aijaribu, ila mpe muda, mfundishe polepole kuanzia thelathini na kheri, herufi zote hizo mtu wa Tanga anazo.