Poka kwa waliokulia kwenye arubastini: anza kwa kujua kutupa

Ukitaka kujifunza poka hapa Mtwara, huanzi sifuri. Vijiwe vya Chikongola, Shangani na Mikindani vimekwisha kukufundisha kuchanga karata, kukumbuka zilizotoka na kumsoma mtu usoni. Yote hayo yana kazi. Lakini arubastini, ule mchezo wetu wa karata wa kucheza na mwenzi, imekuachia pia tabia moja itakayokumaliza mapema, nayo ni kucheza kila mkono unaogawiwa. Kule huna hiari. Mwenzi wako yuko mbele yako, karata umepewa, utacheza hata kama ulichopata ni takataka tupu. Kwenye poka kila mtu na lake, na uamuzi wa kwanza kabisa ni kama mkono huu unauingia au unautupa. Wengi ninaowaelekeza hukwama hapo. Kanuni zenyewe huzishika jioni moja.

Basi tuzimalize kanuni. Pakiti inatumika nzima, karata 52, bila jokari. Nane, tisa na kumi, zile tunazoziweka pembeni, zinarudi mchezoni, na saba tunayoiogopa inakuwa saba tu, baina ya sita na nane. Hakuna turufu. Kopa, uru, shupaza na pau zote zina cheo kimoja. Ree ndiyo kubwa, ila inaweza kushuka ikaanzisha mfululizo wa ree, mbili, tatu, nne, tano. Haikai katikati: mfalme, ree, mbili si mfululizo.

Ngazi za mikono usizikariri kama kasida, elewa sababu yake: kinachopatikana kwa shida ndicho kinachoshinda. Mikono ya karata tano inayoweza kutoka katika pakiti ni 2,598,960. Kati ya hiyo, 1,302,540 haina kitu, na hapo ushindani ni wa karata kubwa. Yenye jozi moja ni 1,098,240. Jozi mbili zinashuka hadi 123,552, na tatu zinazofanana 54,912. Mfululizo wa tano ni 10,200, flashi, yaani tano za aina moja kama kopa tupu, ni 5,108. Fulu hausi, tatu zinazofanana pamoja na jozi, ni 3,744. Nne zinazofanana ni 624, na mfululizo ambao pia ni flashi ni 40 tu. Wageni hubishana sana kama mfululizo unaipiga flashi. Tazama hesabu hizo mbili, ubishi umekwisha.

Mchezo wa kuanzia ni Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Wawili wanaomfuata mgawaji wanalazimika kuweka dau kabla hawajaona kitu, tuseme kete moja na kete mbili. Wengine kwa zamu wanatupa, wanafuata au wanapandisha. Kisha zinafunuliwa tatu mezani, ndiyo flopu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na kila hatua ina duru yake ya dau. Katika saba hizo, mbili zako na tano za wote, unachagua tano bora. Zamu ya kugawa inazunguka, na hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana: baada ya flopu mgawaji ndiye wa mwisho kuamua, ameshaona wenzake wote wamefanya nini. Mkono ule ule unaostahili kutupwa ukiwa wa kwanza kusema, unaweza kuuingia ukiwa wa mwisho.

Utupe nini? Mwanzoni, tupa karibu kila kitu. Bakiza jozi, ree na karata kubwa, na kubwa mbili zinazofuatana, hasa zikiwa za aina moja. Saba na mbili za aina tofauti hazina mjadala. Najua inachosha kukaa unatupa huku wenzako wanacheza, na wapo watakaokutania kwamba umekuja kulinda benchi. Kaa. Wakati huo ndio wa kuangalia nani anapandisha bila kitu na nani akipandisha uondoke. Hata jozi ya ree, inayokuja wastani mara moja katika mikono 221, ikikutana na mtu mmoja mwenye karata zozote inashinda kama mara 85 kati ya 100. Hizo 15 zilizobaki zipo, na zikikuangukia usiseme umerogwa.

Hesabu moja naipenda kuliko zote. Una kopa mbili, flopu imeleta kopa mbili. Kopa ni 13, umeona nne, zimebaki tisa. Zidisha kwa mbili: nafasi ya kopa kutoka kwenye karata inayofuata ni kama 18 kwa 100 (kamili ni 19 na kidogo). Sasa kitita, yaani dau zote zilizokwisha kuwekwa, kina kete 30 na mpinzani anaweka 30. Unatakiwa ulipe 30 ili ugombee 60 zilizopo, yaani ushinde walau mara moja katika tatu. Huna nafasi hiyo, tupa. Angeweka kete 6, ungelipa 6 kugombea 36, na mara moja katika saba ingekutosha. Fuata. Kopa zako ni zile zile, kilichobadilika ni bei. Likimwingia mtu kichwani hili, nampa mwezi mmoja, mezani atakuwa mtu mwingine.

Kupiga mkwara, yaani kuweka dau la kutisha ilhali huna kitu, ni halali, na bila mkwara poka si poka. Ila mkwara una kanuni: mpige anayeweza kutupa. Yule anayefuata kila dau kwa sababu anataka tu kuona hatishiki, huyo subiri upate mkono wa kweli.

Kuhusu pesa nasema wazi. Kuanzia Oktoba korosho zikinunuliwa na malipo yakishuka, huku Kusini fedha inapita mikononi haraka, na kila aina ya michezo inaifuata. Usijifunzie poka kwa fedha hiyo. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kuendesha mchezo wa fedha kunahitaji leseni ya Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Vijana hunitajia Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyeingia shindano la poka kupitia mtandaoni kwa fedha kidogo akashinda dola milioni 2.5 Las Vegas mwaka 2003. Ni kweli. Waliolikalia shindano lile walikuwa 839, na wale 838 hakuna anayenitajia.

Chezeni kwa kete. Za bao moja ni 64, kwa watu wanne hazitoshi, kwa hiyo ongezeni punje za mbaazi: komwe moja, yaani kete ya bao, ihesabiwe kama mbaazi tano.

Hold'em ikishakaa, nendeni kwenye poka iitwayo Omaha. Unapewa nne za siri, lakini lazima utumie mbili kamili za mkononi na tatu za mezani. Hapo wa Hold'em wengi huumia: kopa nne ziko mezani, una ree ya kopa moja tu, unafurahi. Huna flashi. Poka nyingine, iitwayo stadi ya karata saba (seven-card stud), haina za wote mezani. Kila mtu ana zake, nne zikiwa wazi. Mzoefu wa arubastini atajisikia nyumbani, maana anayekumbuka karata zilizoonekana kisha zikatupwa ana faida kubwa. Ipo pia ya karata tano za kubadilisha, rahisi, nzuri kwa siku ya kwanza ya kuzoea ngazi.

Wiki ya kwanza msiweke dau lolote. Gawa mbili mbili wazi, funua tano, kila mmoja ataje mkono wake bora kabla mwingine hajamtajia. Mkiweza kufanya hivyo bila kusitasita, rudisheni karata kifudifudi, toeni kete.