Maswali yenu kuhusu Half Cab na Steve Caballero

Niliigusia juzi Half Cab ya kampuni ya Vans, raba ya kuchezea skeitibodi (ule ubao wenye magurudumu) inayobeba jina la Steve Caballero, iliyoingia madukani mwaka 1992 na ambayo haijaacha kutengenezwa mpaka leo. Maswali yakamiminika. Nimechagua machache, na moja nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo lenye utamu wote.

Huyo Caballero ni nani? Mimi nilidhani ni jina la kampuni. (Msomaji, Mwanza)

Ni mtu, tena yu hai. Steve Caballero alizaliwa Novemba 1964 huko San Jose, California, akiwa na damu ya Kimexico na ya Kijapani. Alikuwa bado kijana wa shule Stacy Peralta alipomwona kwenye mashindano na kumvuta katika timu ya kampuni yake ya skeitibodi, Powell Peralta. Mwaka 1980 akaanza kucheza kwa kulipwa. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Bones Brigade: yeye, Tony Hawk, Rodney Mullen, Lance Mountain, Mike McGill na Tommy Guerrero. Mwaka 1987 aliruka futi 11 juu ya ukingo wa rampu (ule mteremko uliojengwa kwa ajili ya kuchezea), kama mita 3.35, na hiyo ilikuwa rekodi ya wakati ule. Jarida la skeitibodi la Thrasher lilimtaja mwaka 1999 kuwa mcheza skeitibodi wa karne. Kando ya hayo alipiga muziki wa panki na bendi ya The Faction.

Wengi wakitaja kundi lile huanza na Hawk, na siwalaumu. Mimi huanza na Caballero. Alikuwa mfalme wa rampu, na rampu zilipopoteza watu hakuwadharau watoto waliohamia barabarani. Jibu linalofuata litakuonyesha kwa nini nasema hivyo.

Eti Half Cab ilizaliwa kwa sababu watu walikuwa wanakata viatu kwa kisu? Nani akate raba mpya? (Msomaji, Nairobi)

Walikata kweli, na walikuwa na sababu.

Vans walimchukua Caballero mwaka 1988, na mwaka uliofuata wakamtolea raba yenye jina lake. Ilikuwa ndefu, inapanda juu ya kifundo cha mguu, na imejaa sponji pande zote. Kwa mtu wa rampu hilo ni jambo la maana: unashuka kutoka juu kwa kasi, ubao ukikuponyoka unakupiga kwenye kifundo, na sponji ndiyo inayokuokoa.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchezo ulihama. Rampu kubwa zilikosa watu, vijana wakaenda kwenye ngazi, kingo za saruji, mabenchi na vyuma vya kushikia. Pale barabarani unacheza na vifundo vya miguu. Ili ubao uzunguke chini yako, mguu wa mbele lazima upige pembeni kwa ncha ya vidole, na kifundo kijikunje upesi na kujinyoosha. Shingo ndefu ya raba inakibana kama bandeji iliyokazwa kupita kiasi. Raba fupi zilikuwepo, lakini vijana waliipenda hii kwa soli yake na namna ilivyostahimili msuguano. Basi wakatafuta njia yao: wakashika mkasi au kisu, wakaikata shingo mpaka usawa wa kifundo, na ule ukingo uliobaki ukichungulia sponji wakauziba kwa tepu au stika.

Caballero akaanza kuwaona kila alikokwenda kuonyesha mchezo. Mtu mwingine angechukizwa: kiatu kina jina lako, na watoto wanakichanachana mbele ya macho yako! Yeye alichukua jozi yake mwenyewe, akaikata vilevile, akaifunga ukingo kwa tepu, akaivaa kuchezea. Kisha akawapelekea Vans akawaambia watengeneze hivyo hivyo, ili watu wasipate taabu ya kukata. Wakakubali. Mwaka 1992 raba ya shingo nusu ikatoka.

Hii ndiyo sababu naipenda raba hii kuliko zote zilizowahi kubeba jina la mchezaji. Umbo lake liliamuliwa na vijana wasio na mkataba wowote, ambao majina yao hayajaandikwa popote, na bingwa akakubali kuwa wao ndio wanaojua. Raba nyingi za miaka ile zenye majina ya wachezaji zilidumu msimu mmoja au miwili. Hii imevuka miaka 30.

Jina Half Cab lina maana gani mchezoni? (Msomaji, Arusha)

Caballero ndiye aliyebuni mtindo unaoitwa Caballerial. Unapanda rampu kinyumenyume, unaruka na kuzunguka mzunguko mzima wa digrii 360 bila kushika ubao kwa mkono, unashuka ukitazama mbele. Nusu yake, digrii 180, ndiyo Half Cab. Hiyo unaweza kuifanya hata kwenye sakafu, na ni miongoni mwa mitindo ya kwanza anayojifunza mtu akishaweza kuruka. Kwa hiyo jina lilikaa vizuri mara mbili: nusu ya kiatu na nusu ya mzunguko.

Je, yeye ndiye wa kwanza kuwa na raba ya jina lake? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Natas Kaupas alimtangulia mwaka 1987 kwa Etnies, kampuni iliyoanzia Ufaransa. Na hata Vans wenyewe walishawasikiliza wachezaji kabla ya hapo: raba yao ya Era ya mwaka 1976, yenye mto mwembamba kwenye ukingo wa kisigino, ilitokana na ushauri wa Tony Alva na yule yule Stacy Peralta.

Mwanangu ana miaka 11 na mgongo wake umepinda kidogo. Anataka skeitibodi. Nimesoma kuwa Caballero alikuwa na tatizo hilo. Nimruhusu? (Mama, Morogoro)

Dada yangu, ni kweli. Caballero ana mgongo uliopinda upande, na ukitazama picha zake za zamani bila shati utauona wazi. Haikumzuia. Lakini mgongo wake si mgongo wa mwanao. Upindaji hutofautiana kwa kiasi, na katika umri wa kukua kwa kasi unaweza kuongezeka. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifupa, umwambie bayana kuwa mchezo huu una kuruka na kuanguka. Akikuruhusu, nunua kofia ngumu na vikinga magoti kabla ya kununua ubao. Mwonyeshe pia picha za Caballero. Mtoto mwenye mwili tofauti hupata nguvu akimwona bingwa mwenye mwili kama wake.

Mchezaji hulipwaje kwa kiatu? (Msomaji, Kisumu)

Kwa mkataba. Kwa kawaida hupewa sehemu ndogo ya mauzo ya kila jozi, na mara nyingi malipo ya mwezi juu yake. Kiatu kikiuzwa miaka mingi, ile sehemu ndogo inakuwa riziki ya kweli, hata mashindano yakiisha.

Nimepata Half Cab mtumba, ngozi yake safi kabisa. Nichukue? Nacheza Kitintale. (Msomaji, Kampala)

Kitintale! Uwanja ule uliojengwa na vijana wenyewe mwaka 2006 una heshima yake katika Afrika Mashariki nzima.

Usidanganywe na ngozi. Raba hizi soli yake hushikishwa kwa joto, na mpira ukikaa miaka mingi hukakamaa hata kama kiatu hakijavaliwa. Bonyeza soli kwa ukucha: ikirudi polepole na kuacha alama laini, bado hai, ikiwa ngumu kama plastiki, iache. Kisha ikunje pale vidole vinapokunjia, utazame ule mkanda wa mpira unaozunguka kiatu. Ukiona umeachana na ngozi hata kidogo, wiki mbili za kucheza zitaumaliza.

Angalia pia ni ngozi au kitambaa. Ubao wa skeitibodi juu umebandikwa karatasi kama msasa, na kila unaporuka unaburuta ubavu wa kiatu juu yake, karibu na kidole kidogo. Kitambaa huchanika upesi mno. Ngozi ya suedi hustahimili, na matoleo ya wachezaji yana mpira mwembamba uliofichwa chini ya ngozi hapo hapo. Pitisha kidole kwa ndani, utausikia.

Ukiinunua, usingoje tundu. Paka gundi ya viatu nyembamba sehemu hiyo, iache ikauke usiku mzima, na upake tena ikianza kulika. Kamba nazo hukatwa na msasa huo huo, kwa hiyo nunua jozi mbili za akiba kwa fundi viatu.