Testa Inawaka, Mashine Haiwaki

Wiki hii kijana mmoja kaniandikia kutoka Mbeya. Ana mashine ya kupimia pampu za dizeli, ya enzi zile, na akibonyeza kitufe cha kuwashia, kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme kuwasha mota) inatetemeka trrrr kisha inaachia. Keshanunua kontakta mpya, tatizo liko palepale. Sasa anauliza anunue na bodi ya kudhibiti? Mdogo wangu, rudisha pesa mfukoni kwanza.

Ugonjwa huo naujua, ndio ulionipa jina mtaani. Gereji niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa na mashine ya namna hiyo: mota ya fezi tatu, tangi la mafuta ya kupimia yanayopashwa hadi nyuzi 40, mirija ya vioo mbele, na nyaya zilizopauka zote zikawa rangi moja. Tajiri akaita fundi umeme mwenye begi zuri. Akagusisha testa, ile bisibisi yenye taa, hapa, akagusisha pale, inawaka kote. Umeme upo, akasema, kontakta imekufa. Ikanunuliwa. Trrrr. Ikanunuliwa nyingine. Trrrr. Niliposema tupime volti kitufe kikiwa kimebonyezwa, nikajibiwa mbele ya wateja: "We kafungue nozeli, umeme waachie waliousomea." Sijayasahau maneno hayo, na sina mpango wa kuyasahau.

Jumapili nikabaki nayo. Waya wa koili, ile sumaku inayovuta kontakta, nikiuchomoa na kuupima peke yake, mita inasoma 226, safi kabisa. Nikazima, nikaurudisha, nikabana nyaya za mita kwa klipu ili mikono ikae mbali, nikawasha na kubonyeza: volti zikaporomoka hadi 150 hivi. Koili ya volti 220 inataka angalau asilimia 85, yaani 187, ndipo ivute sawasawa. Kontakta ilikuwa nzima, ila ilikuwa inakufa njaa.

Ikabaki kufuata njia. Umeme wa koili ulipita kwenye ovalodi (kinga ya mota isizidiwe), kitufe cha kuzimia, na swichi ndogo ya kifuniko cha usalama. Mita unaiweka huku na huku ya kila swichi, halafu unabonyeza. Swichi isiyo na ubovu husoma karibu na sifuri. Ovalodi, sifuri. Kitufe, nusu volti. Ile ya kifuniko, themanini! Nilipoifungua, ndani kumejaa masizi na utando wa mafuta ya miaka yote. Swichi yenyewe bei yake haifiki ya chakula cha mchana.

Jumatatu mashine inazunguka. Tajiri akampigia simu yule fundi kumshukuru.

Basi nawaambia vijana wenzangu, maana najua kila mmoja wenu anataka siku moja afungue gereji yake: achaneni na kuabudu testa. Huwaka kwa mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwako, kwa hiyo hata kiungo kilichooza kitaiwasha. Mita ya dijitali nayo inakudanganya usipoipa mzigo. Pima mashine ikiwa kazini. Narudia, ikiwa kazini. Na usikimbilie kununua kitu ambacho hujakipima, hata kama mwenye begi zuri amesema.

Kontakti, yaani ncha za madini ya fedha zinazogusana ndani ya swichi, zikichafuka usizikwangue kwa msasa, utakula madini yote. Dawa ya kusafishia na kipande cha karatasi ngumu vinatosha, zikiwa zimeungua badilisha swichi. Kipimo cha kasi kikirukaruka ilhali mota inazunguka sawa, mimi huanza na kapasita kubwa za pawa saplai, ambazo hukauka kwa umri. Zima, subiri, uzitoe chaji kabla hujatia mkono.

Na kama ulifungua nyaya za fezi, jaribu mota kabla ya kufunga pampu ya mteja. Ikizunguka kinyume, zima umeme mkuu, badilishana fezi mbili, ujaribu tena.