Maumivu Yalikata Saa Kumi Alfajiri, Nikasema Alhamdulillah

Juzi usiku, saa nne na dakika kadhaa, dada mmoja anayesoma hapa alinitumia ujumbe: "Dada, mume wangu anaumwa tumbo tangu mchana, anajikunja, anasema ni gesi tu na hospitali hataki. Nimpe nini?" Nikamjibu, mpeleke hospitali sasa. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena. Nililala saa nane kasoro, simu ikiwa kifuani.

Wanaonijua watasema Mama Nasra kwa tumbo la mume wa mtu ana wazimu. Ndiyo, ninao. Na wazimu wenyewe una kovu la kama shubiri moja kwenye tumbo la Baba Nasra, katikati kabisa, limeanzia juu ya kitovu likakizunguka likashuka.

Ilikuwa Jumatano moja ya mwezi wa tatu, mwaka juzi. Baba Nasra ni fundi makochi, karakana yake iko Keko, na jioni ile alirudi nyumbani Chamazi amechoka kama siku zote. Nikatenga ugali na dagaa. Huyu ni mwanamume ambaye hata akiwa na homa dagaa hawamshindi. Akamega matonge mawili, akanawa. "Tumbo linasokota," akasema, ameshika kitovuni. Nikamuuliza mchana amekula nini. Mihogo ya kukaanga pale njiani, na kachumbari. Basi, kesi ikafungwa hapo hapo na mshitakiwa akapatikana: kachumbari. Nikamchemshia tangawizi. Usiku akatapika mara mbili.

Alhamisi asubuhi tukaenda zahanati. Sitaitaja, lakini mnaijua aina yake: ukiingia unaumwa jino unatoka na malaria wadudu wawili, taifodi na U.T.I. Alitobolewa kidole, tukakaa kwenye benchi, tukapewa karatasi na mfuko wa dawa: mseto, vidonge vya taifodi, na dawa ya vidonda vya tumbo kama nyongeza. Hakuna aliyemlaza kitandani akamgusa tumbo. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba kile kipimo cha Widal wanachotumia kutafuta taifodi kinaweza kusema "ipo" hata kwa mtu asiyeumwa taifodi. Siku ile sikujua, na karatasi yenye muhuri inatuliza. Tena ina ubaya wake: ikishaandika taifodi, kila kinachotokea baada ya hapo na wewe unakiita taifodi.

Na mambo yalitokea. Mchana maumivu yakahama. "Yameshuka huku," akanionyesha chini upande wa kulia, pale mkanda wa suruali unapokaa. Mimi nikaona kushuka ni dalili njema, kwamba dawa inayasukuma yatoke! Akawa anakwenda chooni ameinama, mkono ubavuni, anaburuta mguu. Akikohoa anafumba macho. Uji hautaki, maji anaonja tu. Jioni mwili ukawa wa moto.

Saa tatu usiku nikampigia mama mkwe, Lushoto. "Shikamoo mama, mwanao anaumwa tumbo." Nikamweleza. Akasema, "Hiyo ni ngiri, mwanangu. Hata baba yake alikuwa nayo. Usimpeleke hospitali wakampasua bure." Angetuma mzizi kwa basi la asubuhi. Simlaumu mama, anasema alichokiona kwa mumewe. Namlaumu kidogo tu.

Nikamwambia Baba Nasra twende hospitali. Nililisema kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe. Akajibu, "Kesho. Kuna mteja anakuja kuchukua kochi, nikishamkabidhi tunakwenda." Nikanyamaza. Na hapa ndipo penye aibu yangu: alivyosema kesho, nilifurahi. Nje mvua, mtoto kalala, hela yenyewe iko kwenye kibubu, na moyoni nilikuwa naogopa kufika kule usiku halafu niambiwe ni gesi. Niliogopa kuchekwa na nesi kuliko nilivyoogopa ugonjwa.

Wanaume na ratiba zao, hata wafalme. Edward VII wa Uingereza alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni 1902, wageni wa mataifa wameshafika London, naye tumbo linamuuma na hataki kusikia habari ya kuahirisha. Siku mbili kabla ya sherehe ikabidi daktari Frederick Treves ampasue, na taji akalivaa Agosti 9. Yeye alikuwa na taji, wangu alikuwa na kochi la watu watatu.

Saa kumi alfajiri Baba Nasra akaniamsha. Anatabasamu. "Mama Nasra, yamekata." Yamekata kabisa, kama umeme. Akaomba chai. Nikamtengenezea, akanywa nusu kikombe, akalala. Mimi nikamwandikia wifi yangu: "Alhamdulillah, kaka yako amepata nafuu." Wifi akanijibu kwa ile mikono miwili ya dua. Nikalala usingizi mzito kuliko wote wa wiki ile.

Niliamka saa tatu kasoro kwa sauti ya pumzi zake. Fupi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi. Paji la uso la moto, vidole vya baridi, midomo imekauka. Nikamgusa tumbo: gumu kama ubao. Nikamwita, akaitika jina la marehemu kaka yake.

Sikupiga simu kwa mtu. Nilikipasua kibubu kwa mchi wa kinu, nikamkabidhi Nasra kwa jirani, nikasimamisha bajaji. Njia nzima namwambia dereva, "Mdogo wangu, taratibu kwenye matuta." Kwa sababu kila tuta Baba Nasra alikuwa anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na hata leo nikipita njia ile naihesabu. Matuta kumi na moja.

Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti juu ya jambo hilo hilo: waliwauliza wagonjwa waliokuja na wasiwasi wa kidole tumbo kama matuta ya njiani yaliwaumiza zaidi. Kati ya 34 waliothibitika kuwa nacho, 33 walisema ndiyo. Wenye maradhi mengine pia wapo walioumia, kwa hiyo kuumia kwenye tuta si uthibitisho. Lakini mtu anayeshika tumbo kila gari linaporuka, usimgeuze urudi naye nyumbani.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo, ningeweza kumwita mwanangu. Yeye alimlaza. Akabonyeza tumbo polepole, kisha akaachia ghafla, na Baba Nasra akapiga ukelele uliowageuza watu korido nzima. "Mama, yalianza lini? Yalianzia wapi? Yalihama saa ngapi?" Kichwa changu kilikuwa kitupu, ila simu ilikuwa na kila kitu kwenye ujumbe wangu na wifi: Jumatano usiku tumbo linasokota kitovuni, Alhamisi saa nane mchana yameshuka kulia, saa moja jioni ana homa. Nikampa asome. Akafika kwenye ule wa Alhamdulillah. Akaniangalia, hakusema neno, akaita wenzake.

Alinieleza baadaye, nikiwa na kalamu mkononi na fomu ya ridhaa mbele yangu. Kidole tumbo kinaziba, kinavimba, kinajaa, na ule mkazo ndio unaouma. Mwanzoni maumivu hukaa kitovuni hata mtu asijue ni nini, kisha hushuka kulia. Kikipasuka, mkazo unaisha, na mgonjwa anaweza kupata nafuu ya muda mfupi. Wakati huo usaha na uchafu wa utumbo vinamwagika tumboni. Ile chai ya saa kumi nilimpikia mtu ambaye pengine kidole kilikuwa kimeshapasuka.

Nikasaini. Sahihi yangu kwenye ile fomu haifanani na sahihi yangu.

Tulikaa wodini siku kumi na moja. Zile siku siwasimulii, zilikuwa dripu na kusubiri. Ila siku ya tatu wifi alikuja, na mbele ya wagonjwa akasema, "Mke ndiye anayelala na mtu. Ulikuwa wapi mpaka kikapasuka?" Nilikuwa nimeshika bakuli la supu. Nimemsamehe. Wifi, kama unasoma hapa, hujambo? Ile mikono ya dua ninayo bado kwenye simu.

Tunayo methali ya mficha maradhi na kilio. Mimi maradhi hayakufichwa kwangu. Niliambiwa kwa mdomo, nikaonyeshwa kwa kidole, nami nikayaacha mpaka kesho. Kwa hiyo dada zangu, na kaka mnaosoma kimya kimya, nisikilizeni. Mgonjwa hana kura. Usimuulize, "Twende au tusubiri?" Anayeumwa anafikiria mteja, anafikiria hela, anaogopa kisu, na wakati mwingine anakuonea huruma wewe. Mimi nilimpa mgonjwa kazi ya kuamua ili lawama zisiwe zangu, na lawama zilikuja hivyo hivyo.

Wala usimuulize yanauma kiasi gani, maana kuna mtu anayelia kwa mwiba na kuna Baba Nasra. Angalia ameshindwa nini. Ameshindwa kula chakula anachokipenda? Kusimama wima? Kukohoa bila kushika tumbo? Kulala, kuongea sentensi ikaisha? Unaishi naye, wewe ndiye unayemjua akiwa mzima, na hicho daktari hana. Tumbo lililoanzia kitovuni likahamia chini kulia, hana hamu ya kula, anatapika, ana homa: hilo halingoji asubuhi. Na maumivu yakikata yenyewe ghafla, mtazame mtu mzima mzima: pumzi zake, joto lake, macho yake, tumbo kama ni laini. Nafuu ya kweli mtu anaamka anaomba chakula anakimaliza. Nafuu ya uongo anakunywa nusu kikombe.

Na ukishapewa karatasi ya malaria na taifodi, halafu hali ikazidi, karatasi haikuzuii kwenda kwingine. Nenda. Waambie wakague tumbo. Sema hivyo hivyo, "Daktari, naomba umguse tumbo." Usione haya.

Yapo mengine hayahusu tumbo, na huko hata dakika kumi ni nyingi. Kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi linamtoka. Mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno yanakorogeka, na saa moja iliyopita alikuwa mzima. Anatapika damu, au anapata choo cheusi kama lami. Mke aliyekosa siku zake, tumbo linamuuma chini na anaona kizunguzungu, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Mjamzito anayelalamika kichwa kisichoachia, macho yanaona ukungu, uso umevimba. Huyo usimpeleke kuombewa kwanza, dua inasomeka hata ndani ya gari. Kwa wajawazito na watoto wachanga hapa Tanzania ipo namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura.

Mnapotoka, beba vidonge vyote alivyokwisha kunywa, hata vya duka la dawa, hata mzizi. Usimpe dawa ya kumfanya aharishe kwa tumbo usilolijua. Usimlazimishe kula ili apate nguvu, kwa sababu akihitaji upasuaji watataka tumbo tupu. Mimi ile nusu kikombe ya chai iliniuma nilipoulizwa mara ya mwisho alikula nini. Na andika saa. Simu unayo mkononi masaa yote, andika.

Mtaniuliza, na tukifika tukaambiwa ni gesi? Mtarudi nyumbani na gesi yenu. Nesi atacheka, na wewe ucheke.

Jana asubuhi yule dada alijibu. Walikwenda usiku ule ule, saa sita, kwa bajaji. Haikuwa kidole tumbo. Altrasaundi imeonyesha kijiwe kwenye figo, amechomwa sindano ya maumivu, amepewa dawa na tarehe ya kliniki, yuko nyumbani. Nakiri nilinywea kidogo, maana nilikuwa nimeshampangia mume wa mtu ugonjwa. Mwenyewe ana hasira, anasema elfu sitini zimekwenda bure na angepona kwa maji ya ndimu.

Nilikuwa nausoma ujumbe huo kwa sauti. Baba Nasra, aliyekuwa anapiga pasi shati lake, akageuka.

"Elfu sitini tu?"